Mjadala: Wanamuziki wa ridhaa tunaopiga kwa nauli, je, tunawaharibia soko wanaoishi kwa muziki?

Mleta mada (Tabata)

Wakuu, habari za wikendi. Nina jambo naomba tulijadili bila matusi.

Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya washikaji hapa Tabata. Wote tuna kazi zetu: mmoja mwalimu, mmoja fundi friji, mimi mtunza stoo. Mazoezi ni jioni za katikati ya wiki, kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mpiga dramu. Jumamosi tunapiga kwenye sendofu, kipaimara, harusi za majirani, uzinduzi wa saluni, popote tunapoitwa. Malipo ni nauli, pilau na soda. Tukibahatika kuna bahasha. Hatujawahi kugombana kwa hilo, maana tulianza kwa kupenda.

Sasa juzi kiongozi wa bendi moja ya watu wanaoishi kwa muziki alinipigia simu akanipasha kweli kweli. Kamati ya harusi iliyokuwa inaongea naye ilimwacha ikatuchukua sisi, na yeye anasema watu wa mishahara tunamlia chakula asiye na mshahara. Bendi yake inapiga baa Jumatano hadi Ijumaa mbele ya watu wachache, kila mmoja na bia moja anayoibembeleza mpaka saa sita, na mwenye baa anatoa kinachobaki. Hela ya kulipia kodi ya nyumba iko Jumamosi, kwenye harusi. Na Jumamosi zenyewe si nyingi: Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, Ramadhani bendi zinafunga vyombo, miezi inayobaki ndiyo inagombewa. "Nyie Jumatano hatuwaoni," akaniambia, "mnatokea Jumamosi tu."

Hapo kwenye Jumamosi alinipata. Lakini sikubali kwamba dawa ni sisi tuache kupiga. Kinachoua soko ni ile bei ya bure tunayoitoa kwa aibu ya kutaja hela mbele ya jirani. Msimamo wangu ni huu: kwenye shughuli ambayo mpishi, mpambaji na mpiga picha wamelipwa, mwanamuziki naye alipwe, awe na ajira kwingine au asiwe nayo. Pale ambapo kila mtu amejitolea, nasi tujitolee. Mnasemaje?

Mpiga besi (Temeke), naishi kwa muziki

Mkuu, umeongea kiungwana, ila gharama umeziruka.

Bendi yetu imesajiliwa. Baraza la Sanaa la Taifa lipo kwa sheria ya mwaka 1984, na kanuni za 2018 zinamtaka anayefanya kazi za sanaa ajisajili. Tumejisajili, tumelipa, na tukiandaa onyesho tunahangaikia kibali kwa afisa utamaduni wa manispaa. Nyie wa kibandani mmesajiliwa? Sisemi mkamatwe. Nasema mteja anapolinganisha bei yenu na yangu, ndani ya yangu kuna hayo yote, kuna miksa, kuna spika, kuna jenereta la tahadhari umeme ukikatika katikati ya keki. Ninyi mnakuja na spika mbili za kuazima kanisani.

Halafu hiyo "alipwe" yako, alipwe kiasi gani? Mkichukua laki mbili watu sita, wewe umeridhika kwa sababu mwisho wa mwezi una mshahara. Kwangu laki mbili watu sita haitoshi hata kurudisha vyombo Temeke usiku wa manane na kumwachia mtu hela ya mboga. Kwa hiyo umelipwa, na bado umenishusha. Tatizo langu na watu wa ridhaa halijawahi kuwa ubovu wa muziki. Mpiga dramu wenu nimemsikia, mikono anayo. Ila mna nyimbo kumi na tano, zikiisha mnazungushia tena, na kamati haijui tofauti mpaka saa tano usiku, hela ikiwa imeshalipwa.

Mhazini wa kamati

Naomba niwaambie mambo yanavyokuwa upande wa pili wa meza, maana harusi zinazopita mikononi mwangu ni nyingi.

Michango huwa haitimii. Watu wanaahidi, kadi wanachukua, wanafika wamependeza na ahadi iko pale pale. Ikifika wiki ya mwisho tunakata kuanzia chini kwenda juu. Juu kabisa ni chakula na vinywaji, kisha ukumbi, kisha mapambo, maana mapambo yanaonekana kwenye picha. Muziki uko chini karibu na keki. Dijei anakuja na mitambo yake na kijana mmoja wa kubeba: sahani mbili. Bendi ni sahani nane, pengine kumi, na kila mmoja ana rafiki aliyemsindikiza.

Kwa hiyo mnapogombana ninyi kwa ninyi mjue sisi hatuchagui kati ya bendi ya ridhaa na bendi ya kazi. Mara nyingi tunachagua kati ya bendi ya ridhaa na dijei. Wa ridhaa wakipandisha, anayepata ni dijei.

Mpiga besi (Temeke)

Mhazini, kwa harusi anayoisema mleta mada kamati ilikuwa tayari kwenye meza na bendi. Dijei hakuwemo kwenye maongezi.

Mzee wa Ilala

Wanangu, shikamooni hazijaja lakini nawaitikia: marahaba.

Mnaongea kana kwamba mpiga muziki mwenye kazi nyingine ameanza jana. Dar es Salaam Jazz, bendi ya miaka ya 1930, ilikuwa klabu ya watu wenye shughuli zao mchana. Vilabu vya taarabu vya mjini, Al-Watan na Egyptian Musical Club, mambo yalikuwa hayo hayo. Mtu anatoka kazini, anaoga, anavaa, anakwenda klabuni. Hakuna aliyeuliza nani anamharibia nani.

Aliyekuja kuubadilisha mji ni mwajiri. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaanzisha bendi yake na wapigaji wakawa watu wa mshahara. Wengine wakafuata. Vijana wa chama tawala wakawa na Vijana Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, mabasi ya mjini yakawa na UDA Jazz, na polisi, magereza na JKT nao wakawa na zao. Bendi ya Mlimani Park iliyoanza 1978 ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Baa ijae isijae, mwisho wa mwezi ulifika. Ndiyo maana wazee wale waliweza kutunga wimbo, kuubadili, kuutupa na kuanza upya, kwa sababu hawakuwa wakihesabu Jumamosi.

Mashirika yalipoyumba mshahara ukakatika. Tena kumbukeni vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, kwa hiyo mtu aliyepiga gitaa miaka mingi aliweza kuondoka hana gitaa. NUTA Jazz ikapita majina ya JUWATA na OTTU mpaka ikawa Msondo Ngoma inayojitegemea. Kijana wa Temeke, unatafuta aliyekuondolea mshahara wako? Mtunza stoo wa Tabata hakuwepo siku hiyo.

Mpiga besi (Temeke)

Shikamoo mzee. Historia naikubali yote. Lakini mwenye nyumba wangu anadai kodi ya mwaka huu.

Mpuliza tarumbeta (Kimara)

Matarumbeta mmetusahau kama kawaida. Sisi hata ukumbini hatuingii, tunaishia getini, na watu wanadhani tumekuja na gari.

Niwaeleze kazi ilivyo. Tunapakiwa kwenye kirikuu, wanane. Mwenye ngoma kubwa anakaa katikati ili gari lisilale upande, wengine tunageukia nyuma tukiangalia gari la maharusi, magoti yamebana kwenye bodi. Kutoka kanisani Kimara mpaka ukumbini Sinza unapuliza njia nzima. Pale Ubungo foleni ikisimama ndipo unapopuliza zaidi, maana watu wa bodaboda wanazima injini na kucheza, na mpiga video anataka hicho hicho. Dereva akipanda tuta bila kupunguza mwendo, sehemu ya kupulizia inakugonga jino. Nimeona mwenzangu anapasuka mdomo wa juu kwa tuta moja, anafuta damu kwa mkono wa shati la sare, anarudi kwenye wimbo, kwa sababu ngoma haikumsubiri. Tukifika, mshereheshaji anatupa mkono, kreti moja ya soda, kwaheri.

Mimi mchana ni fundi umeme. Tarumbeta nilifundishwa kanisani na mpaka leo napuliza ibadani bila malipo. Kwenye kikundi chetu kuna mmoja anayeishi kwa tarumbeta Desemba tu. Ikifika Machi anabeba zege. Sasa mleta mada na mpiga besi, huyu mnamweka kundi gani? Mnagawa watu wa ridhaa na watu wa kazi kama vile kila mtu ana kadi. Na mdomo haujui mshahara: wiki moja usipopuliza, nyimbo tatu tu zinatosha kuukatisha.

Dada wa kwaya (Ubungo)

Kwaya ndiko waliko wanamuziki wengi wa ridhaa wa mji huu na hatujaingizwa kwenye hesabu. Mazoezi mara mbili kwa wiki, sare tunashona wenyewe, na tukirekodi tunachangishana.

Mleta mada, kanuni yako nimeijaribu kwenye msiba ikanishinda. Msibani siku hizi mwenye tenti kalipwa, mwenye viti kalipwa, mpiga video kalipwa, mpishi kalipwa. Kwa maneno yako, nasi tudai. Nani atasimama mbele ya mjane ataje bei ya pambio?

Jambo la pili ni kurudi nyumbani. Ninyi wanaume mkisema "nauli tu" mnaona kitu kidogo. Sherehe ikiisha saa saba usiku, daladala hakuna, bajaji peke yako inakugharimu kuliko bahasha uliyopewa, na baba wa nyumbani anataka maelezo. Kwaya yetu imepoteza sauti ya kwanza nzuri kwa sababu hiyo hiyo, alichoka kusubiri gari la kamati ambalo haliji. Kabla ya kujadili dau, jadilini gari la kurudisha watu, liandikwe kwenye makubaliano.

Mkazi wa Manzese

Huku kwetu singeli imezaliwa na vijana wasio na kibali wala bendi, kompyuta moja na maiki moja mtaani. Wangesubiri usajili isingekuwepo. Ila naunga mkono walipwe. Na mimi kama jirani naongeza: watakaolipwa wapige mwisho saa sita. Kanuni za kelele za 2015 zipo, na mtoto wangu ana shule.

Mchangiaji wa Kigamboni

Na nyimbo zenyewe mnazogombania malipo ni kopi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda wimbo hata unapopigwa hadharani. Wenye kutunga na familia zao nani anawakumbuka kwenye bajeti ya sahani kumi?

Mleta mada

Nimesoma wote, asanteni. Shikamoo mzee.

Kigamboni, umegonga pazuri ila hiyo ni mada yake yenyewe, ifungue nitachangia. Manzese, saa sita nakubali.

Dada, msiba nautoa kwenye kanuni, na sitafuti ujanja wa kuurudisha. Jumuiya na ibada vivyo hivyo. Hilo la gari la kurudi ni la kwanza kabisa kuliko dau, na nashangaa wanaume wote tuliochangia juu hatukulitaja. Kwetu hatuna msichana kwenye bendi, sasa naanza kuona kwa nini.

Fundi wa Kimara, ndiyo maana sikutaka tugawe watu. Nataka tugawe shughuli. Harusi yenye ukumbi wa kukodi ina bei, na bei ni ya kazi iliyofanyika, haiulizi mpulizaji anakula nini Machi.

Mpiga besi, swali lako la kiasi gani ndilo gumu na sitalikwepa. Napendekeza bendi za ridhaa tusiingie ukumbi wa kukodi kwa chini ya laki nne kwa watu sita, vyombo na usafiri juu ya kamati. Tukiitwa kwa pungufu ya hapo, tunakataa na kutaja bendi nyingine. Usajili tutaufanya, hapo huna deni la kunidai tena. Ila Jumamosi siachi. Mimi sina siku nyingine, na gitaa sikulinunua nilitundike ukutani.

Mpiga besi (Temeke)

Laki nne naanza kukusikia, japo kwa Desemba bado ni ndogo. Nani atahakikisha? Kesho yako yule fundi friji ataitwa na shemeji yake kwa laki moja na pilau, na ataenda.

Mhazini wa kamati

Nami nawaambia mapema: mkikubaliana bei, nampigia dijei.

Mpiga besi (Temeke)

Mpigie. Mama wa bibi harusi akisimama na noti mkononi anataka jina la ukoo wake litajwe ndani ya wimbo, mwambie dijei alitafute kwenye flashi.

Mleta mada

Mpiga besi, shemeji wa fundi friji ni tatizo la kweli na sina jibu lake. Nimemtumia fundi mwenyewe uzi huu, anasema ukoo wake ukioa atapiga bure na hatuombi ruhusa. Kwa hiyo bado tunahitaji kukubaliana: ndugu wa damu waingie kundi la msiba, au walipe kama wengine? Wa Segerea, Kinyerezi na Buguruni wenye bendi kama yetu, semeni mnafanyaje kwenu.