Mwajiri anaweza kushusha umri wa kustaafu kutoka 60 hadi 55 ilhali CBA (mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) bado inatumika?

Fundi wa Njoro:
Ndugu zangu, nimefanya kazi katika kiwanda kimoja hapa Nakuru kwa miaka 26, na mwezi Machi nitatimiza umri wa miaka 55. Juma lililopita nilikabidhiwa barua inayosema kuwa, kwa mujibu wa mwongozo mpya wa kampuni, kila anayefikisha umri huo atastaafu mwisho wa mwezi huohuo. CBA ambayo chama kilitia sahihi na mwajiri, na ambayo muda wake haujaisha, inataja miaka 60. Mimi si mwanachama, ingawa hukatwa kila mwezi ile ada ya wasio wanachama. Nina mtoto chuoni na mwingine sekondari, na hesabu zangu zote nilizipanga kwa miaka hiyo mitano iliyobaki. Je, sheria ya Kenya haisemi kwamba umri wa kustaafu ni 60? Na je, mkataba huo unanihusu?

Mwakilishi mstaafu, Kisumu:
Pole sana, ndugu yangu. Niliwakilisha wafanyakazi wa sukari huku kwetu kwa miaka mingi, na swali lako la kwanza ndilo lililokuwa likiwaponza wengi. Miaka 60 ni umri wa watumishi wa umma, tangu serikali ilipouongeza kutoka 55 mwaka 2009, na wenye ulemavu huendelea hadi 65. Kwa kampuni za kibinafsi, Sheria ya Ajira ya 2007 haikuweka umri wowote. Umri hutokana na barua ya kuajiriwa, kanuni za kampuni au CBA. Kwa hivyo usiende kudai kuwa serikali imesema 60, maana wakili wao atakujibu kwa sentensi moja.

Shikilia CBA. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 kinasema kuwa mkataba huo unawafunga wafanyakazi wote wa ngazi zinazowakilishwa na chama, awe mwanachama au asiwe, na kwamba masharti yake huingia katika mkataba wa ajira wa kila mmoja wao. Usipokuwa katika usimamizi wa juu, unakuhusu. Hakikisha tu kwamba ulisajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, kwa kuwa kabla ya hapo hautekelezeki. Niliwahi kuona wenzangu wakishika nakala yenye sahihi zote ambayo hakuna aliyeipeleka kusajiliwa, na uchungu wa siku ile sijausahau.

Kijana wa Lanet:
Kwa heshima, mzee wangu, sisi wenye stashahada tumekaa nyumbani kwa miaka. Je, chama hakiwezi kukubali 55 kwa kiinua mgongo kikubwa zaidi ili nafasi zipatikane?

Mwakilishi mstaafu, Kisumu:
Kinaweza, mwanangu, na wanachama wakiridhia sitapinga. Lakini barua ya huyu ndugu haikupita mezani. Tena achunguze kama nafasi za wanaoondolewa zinajazwa. Zisipojazwa, huko ni kupunguza wafanyakazi kwa jina la kustaafu, na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinadai notisi kwa mfanyakazi au chama chake na kwa afisa wa leba, pamoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa miaka 26, hizo ni siku 390.

Fundi wa Njoro:
Nawashukuru. Nimeonyeshwa nakala ya CBA leo, na imesajiliwa. Kesho nitamwona katibu wa tawi, ila ofisi inanitaka nitie sahihi barua yao kabla ya Ijumaa.

Mwakilishi mstaafu, Kisumu:
Andika kwa mkono wako kwamba umeipokea lakini hukubaliani nayo, weka tarehe, kisha ubaki na nakala.