Zabuni chini ya bilioni 50 kwa wazawa tu: tunajenga uwezo au tunajenga nyufa?

Kijiwe cha Mabibo (mleta mada)
Wakuu, salaam. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake za 2024 zinasema kazi ya ujenzi ya serikali isiyofika shilingi bilioni 50 ni ya kampuni za wazawa peke yao. Mimi si mtu wa ujenzi, ni mlipa kodi tu. Swali: hawa makandarasi wetu wanaziweza? Barabara ya mtaani kwetu ilikabidhiwa mwezi wa tatu. Mwezi wa tano mvua ikapita nayo, sasa tunaruka mashimo kama tunacheza rede. Nikienda Busisi naona daraja la kilomita 3 juu ya ziwa, Wachina. Tanzanite, Wakorea. Reli ya Dar mpaka Dodoma, Waturuki. Sisi wapi? Tujadili kwa hoja, bila matusi.
(Halafu fundi wa Kibongo ukishampa hela ya mwanzo tu, simu haipatikani. Hilo ni la kando.)

Mwiko Mkavu
Hilo la kando ndilo nitakalojibu, la zabuni watakujibu wenye makoti. Mimi ni mwashi, mwaka wa 19 huu. Umewahi kujiuliza kwa nini fundi anazima simu? Unampa laki mbili Jumatatu, Jumatano unataka lenta. Saruji hujaleta. Mchanga umeleta nusu lori na nusu yake udongo. Kazi inasimama wiki tatu unasubiri mkopo, mimi watoto hawasubiri mkopo wako, naenda saiti nyingine. Siku hela yako inatoka unapiga simu niko juu ya jukwaa Kibaha, sipokei, unaandika mitandaoni "mafundi matapeli". Na tofali ulizonunua barabarani, mfuko mmoja wa saruji wametoa tofali 60. Ukuta ukipasuka, mwashi.

Bwana Kozi
Mwiko, ugomvi wako na wateja wako usitubebeshe sisi wauza tofali. Nina mashine mbili na vijana saba, kibao changu cha bluu kila anayepita njia ya Goba anakijua. Mfuko mmoja natoa tofali 45, sijawahi kurudishiwa hata moja. Wa 60 wapo, siwatetei. Lakini mwashi anayejaza udongo kwenye viungo ili saruji ibaki aiuze jioni ndiye anayetufundisha kazi leo?

Nondo Milimita 12
"Wenye makoti" ndio sisi? Haya, koti nimelivua, nisikilizeni. Mimi ni mkandarasi, daraja la sita kati ya yale saba ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Nilijenga vyumba vya madarasa na vyoo kwa halmashauri moja, jina nalihifadhi. Hati ya malipo nikaipeleka. Njoo kesho, mfumo uko chini. Njoo wiki ijayo, aliyekuwa anasaini yuko safarini. Miezi 11! Riba ya benki hainisubirishi hivyo. Ilipolipwa, faida yote ilikuwa imeliwa na riba, na mwenye duka la vifaa alikuwa hanisalimii msikitini. Sasa ukiniambia kikomo kimepanda kutoka bilioni 10 hadi 50, ni kama kuniambia bahari yote hii ni yako, nami mtumbwi sina. Mchina analetewa mitambo na benki ya kwao. Mimi nakodi mchanganyaji wa zege kwa siku, na siku hiyo injini isipowaka nalipa vilevile.

Kokoto za Lugoba
Mkuu Nondo, malizia hadithi. Sema na leseni zinavyokodishwa. Kampuni ya mzawa inashinda kwa karatasi, saiti ukienda unamkuta mgeni na mkalimani wake, mzawa amebaki na asilimia yake nyumbani anaangalia mpira. Hiyo bilioni 50 inamlinda nani?

Nondo Milimita 12
Sijawahi kukodisha leseni. Ukiwa na ushahidi uweke hapa.

Kokoto za Lugoba
Sijakutaja. Mbona umeshtuka?

Binti Kipimo
Nimekuja kwa ajili ya tofali, samahani mleta mada. Mimi ni mkadiriaji majenzi na hizi 45 na 60 zimenikaa kooni. Tofali la inchi sita ni sentimita 15 kwa 23 kwa 45. Zidisha, unapata lita 15 na nusu. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35 za saruji. Tofali 60 ni lita 930, gawa kwa 35: ndoo 26 za mchanga kwa ndoo moja ya saruji. Hiyo ni mchanga uliopewa mkono na saruji wakaachana. Za Bwana Kozi 45, moja kwa 20. Na hapo sijahesabu mchanga unavyoshuka ukishindiliwa. Darasani tulifundishwa moja kwa sita, ukibanwa sana moja kwa nane. Moja kwa nane inakupa tofali 18.

Bwana Kozi
KUMI NA NANE! Dada yangu, hizo tofali wewe utaziuza kwa nani? Mteja akifika kwangu swali la kwanza ni bei, la pili ni "unaniletea na usafiri?" Hajawahi kuuliza uwiano. Nikitengeneza za 18 jirani yangu anatengeneza za 50, mwezi mmoja mimi nafunga. Hesabu zako ni za kitabuni. Baba yangu alijenga Mbagala mwaka 1994 kwa tofali za kibao cha mkono, tena mchanga wa hapohapo kiwanjani, mpaka leo anakaa humo na ana miaka 81.

Binti Kipimo
Shikamoo kwa mzee. Nyumba ya chini isiyobeba ghorofa itakaa, kuta zenyewe zinashikana. Tatizo ni kwamba kwa tofali hizohizo siku hizi mnapandisha ghorofa mbili, tatu, fremu chini na wapangaji juu. Na "kitabuni" usiniambie, nimesimama kwenye saiti nyingi kuliko wewe ulivyosimama kwenye kibao chako.

Mwiko Mkavu
Dada kasema. Ila mimi Kozi nimemjua toka zamani, 45 ni siku ambayo mkaguzi anapita.

Mjengo wa Nakuru
Habari zenu majirani. Mnanifurahisha na hesabu za mawe, sisi huku tunajenga na mawe ya kuchonga. Kwetu Kenya tuna NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, sheria ya 2011, na watu wa mjengo pia huandikishwa, si kontrakta peke yake. Fundi ana kadi. Nyinyi fundi wenu anajulikana na nani?

Kokoto za Lugoba
Na Huruma, Nairobi, 2016 lilipoanguka lile ghorofa kwenye mvua, kadi zilikuwa mfukoni mwa nani?

Mjengo wa Nakuru
Sasa unataka tuhesabiane maiti? Kariakoo Novemba 2024 ilikuwa wapi? Na lile la ghorofa 16 pale Dar 2013, si watu 36 waliaga? Mimi nimesema jambo la kuandikisha mafundi, wewe umeruka na matanga.

Kokoto za Lugoba
Lile la 2013 lilikuwa Ijumaa Kuu, Mtaa wa Indira Gandhi, nilikuwa naishi mitaa miwili kutoka pale. Vumbi lilifika mpaka kwenye nguo tulizoanika. Kwa hiyo usinifundishe, jirani. Na la Kariakoo halikuwa linajengwa, lilikuwa limejaa maduka, watu wako ndani wanauza. Wengi walisema chini kulikuwa kunachimbwa kuongeza nafasi ya biashara. Hapo fundi mwenye kadi au asiye na kadi angefanya nini kama mwenye jengo anataka fremu nyingine?

Mwiko Mkavu
Angekataa akafukuzwa, kesho yake anakuja mwingine. Cheti ninacho, nilipita ule urasimishaji ujuzi wa VETA wa sisi tuliojifunza kwa kubeba zege. Walinipima kweli, nikapanga kona mbele yao, wakashusha timazi, wakaangalia. Nikalia siku nakabidhiwa, sioni aibu kusema. Kiko kabatini. Toka nipewe hakuna saiti hata moja waliponidai cheti hicho. Wananiuliza: "Bei yako ya mwisho?"

Mtanga wa Muscat
Nasoma toka mwanzo. Mimi nafunga nondo huku Oman. Juni mpaka Agosti, saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu ni marufuku kufanya kazi juani, ni sheria. Foromani wetu Mhindi anatembea na futi mkononi. Siku ya pili yangu alikuta ringi, zile nondo nyembamba za kuzungushia nguzo, zimepishana kidogo, kama upana wa vidole viwili. Hakupiga kelele. Akachukua koleo akakata waya wote nilioufunga toka asubuhi, akaniachia koleo akaondoka. Sasa nyie mnasema fundi wa Kibongo hawezi. Mikono ni hii hii iliyokuwa inafunga nondo Tanga. Tofauti ni kwamba kule Tanga mwenye nyumba alikuwa ananiambia weka ringi moja kila baada ya futi, nyingine utaniachia nitengenezee geti.

Kijana wa Sinza
Kwa hiyo kumbe tunahitaji Wahindi wa kutukatia waya 😂

Mtanga wa Muscat
Cheka tu. Mimi sikucheka.

Nondo Milimita 12
Mtanga umegusa penyewe. Daraja la Busisi analolisifia mleta mada, vijana wa Sengerema na Misungwi walikuwemo mle wanafunga nondo na kumwaga zege. Mkataba ukiisha wanarudi mtaani, kesho wanajenga banda la kuku. Hakuna aliyewaandika kwamba hawa wameshajenga juu ya maji.

Bwana Kozi
Na yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO, yale ya 2021 kuelekea 2022, si yalijengwa na mafundi wa mtaani bila mkandarasi? Na yamesimama. Tofali zilitoka kwa watu kama mimi.

Mwiko Mkavu
Mawili nimejenga mimi. Mhandisi wa wilaya nilimwona mara moja, kwenye gari, kioo kimeshushwa nusu. Aliyekuwa anasimamia ni mwalimu mkuu, mwalimu wa Jiografia, mtu mwema. Kila nikimwaga zege ananiuliza "fundi, hii ni sawa?" Namwambia sawa. Ingekuwa si sawa ningemwambia nini? Yeye ndiye aliyeshika hela, mimi ndiye ninayejua, na wote wawili tumebanwa na tarehe ya kukabidhi.

Nondo Milimita 12
Na hapo ndipo sisi wa daraja la sita na la saba tuliponyang'anywa tonge. Darasa na zahanati ndizo zilizokuwa kazi za mkandarasi mdogo kujifunzia. Serikali ikaona ikiwatumia mafundi moja kwa moja inaokoa hela. Sawa, iliokoa. Sasa mnatuuliza mbona hatuna uzoefu wa bilioni 50.

Mwiko Mkavu
Kwani nyie mlipokuwa mnazipata mlitulipa sisi? Nina deni la mkandarasi toka mwaka juzi, siku 14 na wasaidizi wanne. "Sijalipwa na mimi." Wimbo wenu mmoja.

Nondo Milimita 12
Na kama kweli sijalipwa?

Mwiko Mkavu
Gari ulilokuja nalo saiti lilijazwa mafuta na nani?

Binti Kipimo
Mnaona? Hapa ndipo hadithi ya hela inapoishia. Yule wa juu akichelewesha miezi 11, kila ngazi inamchelewesha aliye chini yake, mpaka inafika kwa dada anayebeba maji kwa ndoo kichwani na mama lishe aliyewakopesha wali maharage wiki mbili. Huyo hana hati ya malipo ya kupeleka popote. Ningekuwa mimi, kabla ya kupandisha kikomo ningeweka riba kwa taasisi inayochelewesha, na ingekatwa kwenye bajeti yake.

Kijana wa Sinza
Riba kwa serikali? Dada una ndoto nzuri. Turudi kwenye tofali, mimi ndio naanza msingi. 18 au 45?

Bwana Kozi
35 ukitaka imara. Nitakufanyia.

Mwiko Mkavu
Ameshashuka kumi 😂

Kijiwe cha Mabibo (mleta mada)
Nimetoka kazini nakuta kurasa nne na neno "zabuni" silioni. Wakuu, niliuliza kuhusu bilioni 50.
Lakini kwa kuwa tupo hapa. Juzi nimenunua tofali 1,200, najenga uzio. Baada ya kusoma hesabu za Binti nimetoka nje na tochi. Nimelikwangua moja kwa ufunguo wa nyumba, umezama. Nyingine nimeiachia kutoka usawa wa goti, imekuwa vipande vitatu na unga. Je, zikimwagiwa maji wiki nzima zitakaza?

Binti Kipimo
Maji yanasaidia saruji iliyomo. Kama haimo, utakuwa unamwagilia bustani.

Mwiko Mkavu
Pole kaka. Usipange hata kozi moja. Ulinunua wapi?

Kijiwe cha Mabibo (mleta mada)
Njia ya Goba. Kibao cha bluu.

Bwana Kozi
Vibao vya bluu njia ile viko vingi.