"An American Trilogy": ya Newbury au ya Elvis?

MzeeWaSanturi: Wakuu, jana usiku nimesikiliza "An American Trilogy" mara mbili mfululizo. Kwanza ya mwimbaji Mickey Newbury ya 1971, halafu ya Elvis Presley aliyorekodi jukwaani Las Vegas, Februari 1972. Mseto ni uleule: "Dixie", "Battle Hymn of the Republic" na "All My Trials". Lakini moja inanyong'onyeza, nyingine inakuinua kitini. Nyie mko upande gani?

BintiKinanda: Elvis, wala sijiulizi. Subiri pale filimbi inapobaki peke yake, kisha tarumbeta na ngoma zirudi na "Glory, glory hallelujah". Vinyweleo vyote vinasimama! Newbury anaimba kama anaogopa kuamsha watoto.

Kaseti90: Dada, utamu uko hapohapo. "Dixie" ulikuwa wimbo wa mwendo kasi, wa kuchangamsha watu. Dan Emmett, mzaliwa wa Ohio, aliupeleka jukwaani New York mwaka 1859, na kikundi cha wazungu waliojipaka masizi usoni wakiigiza watu weusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, Kusini, majimbo yaliyotetea utumwa, wakaufanya wao, wimbo wa mtu wa Kaskazini! Miaka mia na ushee baadaye ulikuwa na uchungu mwingi. Newbury akaupunguza mwendo mpaka ukawa kama wa msibani. Kwangu huo ndio ubunifu wenyewe; Elvis alikuta chakula kimeshaiva.

MzeeWaSanturi: Na ule wa "Battle Hymn" ni wa upande wa pili wa vita hivyohivyo. Julia Ward Howe aliwasikia askari wa Kaskazini wakiimba "John Brown's Body", akaandika maneno mapya kwa sauti hiyohiyo hotelini Washington, Novemba 1861. Yaani Newbury kawakalisha mahasimu kwenye mkeka mmoja.

MpigaBesi: Tusimwonee Elvis. Jamaa alikuwa na okestra ya Joe Guercio na waitikiaji kibao nyuma yake. Newbury alirekodi studio ya gereji karibu na Nashville. Kila mmoja alipika kwa chungu alichonacho. Kichekesho ni kwamba kwenye chati ya Billboard ya Marekani Newbury alifika namba 26, Elvis akaishia 66. Uingereza ndiko Elvis alikofika namba 8. Nadhani onyesho la Hawaii la Januari 1973, lililorushwa kwa setilaiti, ndilo lililowafanya watu wauone wimbo kuwa wake.

Mama_Kwaya: Mnabishana kuhusu majeshi, mmemsahau mtoto. "All My Trials" ni wimbo wa kubembeleza: mzazi yuko kufani, anamwambia mwanawe anyamaze, asilie. Joan Baez aliurekodi 1960, kwa hiyo wapenzi wa muziki wa asili walishaujua. Bila kipande hicho mngebaki na nyimbo mbili za kutunishiana misuli. Elvis anakiimba vizuri sana, sikatai, ila kile kishindo cha mwisho kinamfunika yule mtoto. Kwa Newbury bado namsikia.

BintiKinanda: Haya mama, nimerudia ya Newbury nikiwa nimevaa hedifoni. Pale kwa mtoto nimeacha vyombo kwenye sinki, nikakaa. Lakini filimbi yangu siiachi.

Kaseti90: Baki nayo dada, hakuna anayekunyang'anya 😄