Watoto kwenda shule kwa miguu, mnawazoesha vipi?

MamaWawili
Habari zenu wapendwa. Nina watoto wawili, mmoja darasa la kwanza mwingine la nne, shule ni mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu ila kila siku wanapelekwa na gari. Nataka waanze kutembea maana naona siku nzima wanakaa tu, darasani wamekaa, kwenye gari wamekaa, wakirudi ni tivii. Shida baba yao anaogopa barabara, na huyu mdogo ukimwambia tutembee anadeka balaa. Mlioweza mlianzaje?

Ticha_K
Dada anza tu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku, sasa kwenda na kurudi tu wameshapata 40 kama wanatembea kwa haraka haraka. Halafu mimi nafundisha, wanaokuja kwa miguu asubuhi wanaingia darasani macho yako wazi kabisa.

Mzee wa Zebra
Mama, hofu ya mzee ni ya kweli usiipuuze. Mtoto chini ya miaka 10 hivi bado hajui kukadiria gari liko mbali kiasi gani na linakuja kwa spidi gani, na kwa ufupi wake akitokea katikati ya magari yaliyopaki dereva hamuoni kabisa. Kwa hiyo wa darasa la kwanza lazima awe na mtu mzima. Siku ya mapumziko tembeeni wote na baba yao akiwepo, mchague njia yenye sehemu chache za kuvuka hata kama ni ndefu kidogo. Wafundishe kusimama kabisa ukingoni, na dereva asimame ndio wavuke, sio akipunguza tu. Pasipo na njia ya miguu watembee upande ambao magari yanakuja wanayaona.

Jirani Mwema
Huyo anayedeka mtafutie wenzake! Kuna kitu kinaitwa basi la miguu, Mwaustralia David Engwicht ndio aliipigia debe hiyo idea miaka ya 1990. Watoto wa mtaa wanakusanyika kituo hadi kituo, mzazi mmoja mbele mmoja nyuma, mnapeana zamu. Sisi tunafanya hivyo, wangu sasa ndio ananiharakisha mimi.

Ticha_K
Na wazazi tuambiane ukweli, foleni ya getini asubuhi ni magari yetu sisi wenyewe. Marekani mwaka 1969 karibu nusu ya watoto wa shule za msingi walikuwa wanaenda kwa miguu au baiskeli, kufika 2009 wamebaki asilimia 13 tu. Kila anayeogopa magari anaongeza gari lingine pale pale watoto wanapovukia.

MamaWawili
Asanteni sana jamani, la basi la miguu nimelipenda, leo jioni naongea na majirani. Na siku za mvua kubwa au begi likiwa zito?

Mzee wa Zebra
Mvua kubwa wapeleke tu na gari, ila washushe kabla ya kufika getini wamalizie kipande na wewe. Begi lipunguze, la leo liwe na vitabu vya leo tu.