Mafundi kompyuta Kariakoo, nani kawaambia thina inasafisha kila kitu??

Wakuu, nina hasira leo, mnivumilie.

Nyumbani kuna kompyuta ya mzee, desktopu ya 386 (aina ya prosesa ya zamani), ndo aliyokuwa anafanyia mahesabu ya kazini kwa Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu kama Excel, enzi za flopi. Imekaa stoo miaka, vumbi na buibui, plastiki imegeuka njano. Nchi hii serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, zikaja kuruhusiwa taratibu baadaye, kwa hiyo mashine za umri ule ni za kutafuta kwa tochi, ikifa hii sipati nyingine pale Msimbazi.

Nikampelekea fundi mmoja, jina simtaji. Nikamwambia kwa mdomo na kwenye karatasi nikamwandikia: toa kwanza ile betri ya bluu iliyochomelewa kwenye bodi, usiwashe, thina usiguse. Akasema bosi ondoa shaka, hizi nazijua.

Leo nimeichukua. Kasha kalifuta na thina mpaka plastiki ikalainika ikashika alama za kitambaa, alipoona kaharibu akapuliza rangi ya kopo juu yake, nembo imefunikwa, matundu ya hewa yameziba nusu. Njano ile inatoka kwa peroksidi ya saluni na jua, na jua Dar ni la bure! Kadi za ndani kapiga msasa kwenye meno, yale yanayochomekwa kwenye bodi, dhahabu yake nyembamba yote imeondoka, kitu cha kufuta na raba ya shule tu. Vumbi kapeleka kwa mtu wa pancha lipulizwe na kompresa, upepo una maji na oili ndani yake.

NA BETRI KAIACHA. Hiyo ndo inaniuma kuliko yote. Betri zile za nikeli na kadimiamu zikizeeka zinavuja, na kinachovuja ni alkali, inatambaa kwenye njia za shaba inazila mdogo mdogo, ukiona ukungu wa kijani ujue kazi imeshaanza. Unaikata betri, unapitisha siki kwa mswaki kuua alkali, unasuuza na maji ya betri yale ya kuongezea (sio makali jamani), unamalizia na isopropili wanayotumia mafundi simu, inakauka kabisa ndo unafikiria umeme. Vyote hivyo vinauzwa hatua chache kutoka kibandani kwake! Yeye kapiga brashi kavu juu ya uchafu ule kausambaza bodi nzima, halafu kachomeka umeme eti anajaribu. Sasa haioni kibodi, na betri ilikuwa jirani kabisa na soketi ya kibodi.

Kumuuliza ananijibu "bosi hii ya kizamani, nunua laptopu". 80,000 yangu kaishika na kaniambia kazi kafanya. Kazi gani? Kama hujui kitu sema hujui, mtu akaitunze mashine yake stoo, vumbi halikuwa limeiua.

Betri nimeikata mwenyewe jioni hii na siki nimeshapitisha. Baadhi ya njia zimekatika, zinahitaji kurushiwa waya mwembamba chini ya lenzi. Kama kuna mwenye mkono huo hapa Dar, na hana thina dukani kwake, anicheki PM.