Wakuu, mgonjwa wa ICU apewe antibayotiki kabla hajapata maambukizi?

Kijana wa Tabata: Wakuu, kaka yangu yuko ICU wiki ya pili, ajali ya bodaboda, anapumua kwa mashine. Daktari mmoja anataka apakwe antibayotiki mdomoni na nyingine ipite kwenye mpira wa puani, eti kuzuia nimonia. Mwenzake kwenye raundi kakataa, kasema tutafuga vimelea sugu, visivyosikia dawa. Ndugu tumebaki tunatazamana. Nani yuko sahihi?

Sista wa Usiku: Pole mdogo wangu. Wote wana hoja. Uholanzi walijaribu njia hiyo kwa wagonjwa elfu sita hivi, majibu ya 2009 yakaonyesha vifo vimepungua kidogo. Lakini kule usugu uko chini. Australia 2022 waliopewa walikufa asilimia 27, wasiopewa 29, na hiyo tofauti kitakwimu haikutosha. Sisi huku antibayotiki ya sindano, seftriaksoni, tunachomana kama maji, jioni tunakula kuku wa Kitunda waliolelewa kwa antibayotiki tangu vifaranga. Utazuia nini hapo?

Mfugaji Kitunda: Sista, hapo pa kuku umenigusa. Mimi nafuga broila, OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki) nawapa wakiumwa tu, na nasubiri siku saba dawa iwatoke kabla ya kuuza. Mnaosambaza wadudu ni nyie, mnatoka kitanda hiki mnaenda kile mikono haijaguswa na maji. Kuku wangu hajawahi kulazwa ICU.

Baba Wawili: 😂😂 Hajawahi kulazwa ICU!

Sista wa Usiku: Mikono nakubali, wodi nyingine bomba halitoi maji tangu asubuhi. Ila usijitoe. Dawa mojawapo ya hiyo ya kupaka mdomoni ni kolistini. 2015 wanasayansi wa China walitangaza jeni ya usugu wa kolistini iliyokuwa inahama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, wameikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa watu. Baadaye serikali yao ikapiga marufuku kuichanganya kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kuwakuza.

Mfugaji Kitunda: China na Kitunda wapi na wapi? Nimesema OTC, wewe unaleta kolistini. Na nguruwe sifugi, mimi Mwislamu.

Baba Wawili: Tuache kuku kidogo. Mke wangu kabla ya upasuaji wa uzazi alichomwa antibayotiki, na hakuwa na maambukizi yoyote. Hiyo si kuzuia? Mbona hakuna aliyepiga kelele?

Sista wa Usiku: Hiyo ni dozi moja, muda mfupi kabla ya kisu. Shida ni ile "tumwongezee siku saba tuwe na amani". Amani ya nani?

Mtu wa Duka la Dawa: Amani ya ndugu! Mnatulaumu sisi wa maduka, lakini mteja anakuja na mia tano anataka vidonge vinne vya amoksilini. Ukimwambia cheti, anavuka barabara kwa jirani.

Mfugaji Kitunda: Kumbe! Vidonge vinne unauza, halafu lawama kwa kuku.

Mtu wa Duka la Dawa: Wewe mzee OTC yako ulinunua kwa cheti cha daktari gani wa mifugo?

Baba Wawili: Kimyaaa.

Sista wa Usiku: Kijana wa Tabata, kama upo bado: waulize kama wameotesha makohozi yake maabara kuona kuna kimelea gani, na wodi yenyewe inasumbuliwa na vimelea gani. Ukishajua hayo ndipo bishano la madaktari wale litakuwa na maana. Na uliza kama wanamlaza kichwa kikiwa juu na kumsafisha kinywa kila zamu. Hiyo haina usugu.

Kijana wa Tabata: Nipo dada, nimetoka huko sasa hivi. Wameotesha, majibu siku tatu. Dawa ya mdomoni walishaanza jana, hatukuulizwa.

Mfugaji Kitunda: Pole sana dogo, Mungu amnyanyue. Sista, zile siku saba za kuku zinahesabiwa tangu dozi ya kwanza au ya mwisho?