Kobe aliyezeekea uani Tabora: achukuliwe, au familia ipewe kibali?

Mchangiaji aliyefungua mjadala huu anataka kila kobe anayefugwa majumbani hapa Tabora akabidhiwe kwa maofisa wanyamapori na kurudishwa porini, na anaongeza kuwa huzuni ya familia isihesabiwe, kwa sababu kobe hamjui mtu. Kuhusu sheria yuko sahihi: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata wala kumfuga mnyamapori bila kibali. Kuhusu huzuni, amekosea.

Kwetu Isevya tulikuwa na kobe wa madoa aliyeletwa na marehemu babu kabla mimi sijazaliwa. Jioni mama alipoanza kuchambua matembele, tulimsikia akikwaruza gamba kwenye kizingiti cha jiko, naye hakuondoka mpaka atupiwe mabua. Mgeni akimsogelea alijificha ndani ya gamba, lakini mama akimgusa shingoni aliinyoosha. Sidai kwamba alimpenda mama kama mtoto ampendavyo mzazi; nasema alimtofautisha na watu wengine. Mwaka 2010 mtafiti wa tabia za wanyama, Anna Wilkinson, na wenzake walionyesha kuwa kobe wa miguu myekundu, ambao kwa asili huishi mmoja mmoja, hujifunza kukizunguka kizuizi na kukifikia chakula kwa kumtazama mwenzao aliyekwisha kufanya hivyo. Mnyama wa namna hiyo si jiwe. Babu alipofariki, mama alizoea kukaa karibu na kobe yule akisema kwamba ndiye aliyebaki wa enzi za baba yake.

Nakiri kwamba upendo bila maarifa hudhuru. Tulimlisha ugali na, msimu wa maembe, maembe yaliyoanguka, ilhali kobe wa aina hiyo anahitaji hasa nyasi. Vilevile kobe huweza kubeba bakteria wa salmonela, kwa hiyo hakupaswa kukaribia jiko, na watoto tulipaswa kunawa kwa sabuni kila tulipomshika.

Hata hivyo, kumwachia porini kobe aliyezoea kulishwa si kumtendea haki. Anaweza kuwapelekea wenzake magonjwa ya mfumo wa hewa, na miombo yetu huungua kila kiangazi wakati yeye hajui pa kujificha. Napendekeza familia zenye kobe wa siku nyingi zipewe muda maalumu wa kujitokeza bila kushtakiwa, kobe wapigwe picha za magamba, kwa kuwa madoa ya kila mmoja ni ya peke yake, kisha kibali kitolewe baada ya ukaguzi wa mazingira na chakula. Atakayekutwa na kobe asiyesajiliwa muda ukiisha, sheria ichukue mkondo wake.

Ninamwomba aliyefungua mjadala ajibu jambo moja: kobe wa miaka arobaini akichukuliwa leo uani, kesho atalala wapi, na nani atamlisha?